Chipa ya kufunga nyuma ya trekta, ile BX42 ya China: inavyofanya kazi kwenye maparachichi Njombe na vitu nilivyoibadilisha

Wakuu habari za kazi. Hii naiandika kwa wenye trekta na mashamba ya maparachichi au miti, wale ambao kila wakipogolea wanabaki na mlundo wa matawi na hawajui wayapeleke wapi zaidi ya kuyachoma. Mimi nimenunua chipa, yaani mashine ya kukatakata matawi yawe vibanzi, ya kufunga nyuma ya trekta yangu Massey Ferguson 240, nimeitumia ya kutosha kuijua, na nimeifungua na kuichomelea sehemu kadhaa. Jibu la haraka ni kwamba inafaa na ningeinunua tena, ila usiipokee kama mashine iliyokamilika. Ipokee kama chuma kizuri ambacho kiwandani walikifunga haraka haraka na kazi iliyobaki ni ya fundi wako, ukikubali hilo tangu mwanzo utaifurahia sana.

Kwanini nisiendelee kuchoma? Huku kwetu kiangazi upepo ni mkali na mashamba yamebanana na mipaina ya watu, moto mdogo wa matawi ukiruka mpaka, hapo umeshamtia jirani hasara ya miaka kumi. Halafu kingine, parachichi mizizi yake inayokula ipo juu juu sana kwenye udongo, inapenda kufunikwa na matandazo, sasa mtu anachoma matawi upande huu halafu upande ule ananunua majani makavu ya kutandaza. Nikaona hapana, haya matawi yabaki shambani humu humu.

Kwa ambao hawajaiona, hii mashine ni sahani nzito ya chuma iliyosimama ndani ya boksi, na kwenye sahani kuna visu vinne, na mlangoni mwa boksi kuna kisu kingine kisichozunguka ambacho tawi linakatwa juu yake. Nguvu inatoka kwenye PTO ya trekta (ile shafti fupi ya nyuma inayozungusha mashine) moja kwa moja, hakuna mkanda wala gia boksi katikati, kwa hiyo trekta ikizungusha mara 540 kwa dakika na sahani inazunguka 540. Inasikika ndogo lakini piga hesabu: visu vinne mara 540 ni mikato 2,160 kwa dakika, mikato 36 kila sekunde, na sahani ya sentimita 63 na nusu ukingo wake unakimbia karibu mita 18 kwa sekunde. Ndiyo maana tawi la unene wa mkono linaingia na kuyeyuka. Visu vyenyewe vimekaa kwa mlalo kiasi kwamba vinalivuta tawi ndani vyenyewe, huhitaji kulisukuma, na nyuma ya sahani kuna mapanga yanayopuliza vibanzi vitoke juu kwenye bomba.

Jina BX42 lisikuchanganye. Wallenstein ya Kanada wana modeli inayoitwa hivyo hivyo na ni mashine inayoheshimika, sasa viwanda vingi vya China vinatengeneza zinazofanana nayo na kuzipa jina hilo hilo, kila kiwanda na ubora wake. Yangu siyo Wallenstein, ni ya kiwanda cha China ambacho sitakitaja, na ninayoyalalamikia hapa chini ni ya hiyo yangu. Ile 42 maana yake kimazoea ni kwamba inakula mpaka inchi 4, sentimita 10 hivi. Ipo na kubwa yake BX62 ya inchi 6, na zipo zenye rola za haidroliki za kuvuta kuni. Zile za rola ni tamu lakini zinataka uwe na mafuta ya haidroliki ya kutosha ya kupeleka nje, na 240 yangu sehemu ya kutolea mafuta ni ya kubabaisha, ningelazimika kuweka pampu ya pembeni na tenki lake, gharama inakuwa nyingine kabisa. Kwa matawi ya parachichi inchi 4 inatosha, shina likiwa nene kuliko hapo hilo ni kuni, likate kwa msumeno mpelekee mama jikoni.

Na tafadhali usimsikilize anayekwambia mashine ya kukatia majani ya ng'ombe itafanya kazi hii. Ile imetengenezwa kwa mabua na majani, ukiipa tawi gumu utavunja kisu na kipande chake hujui kitampata nani.

Manunuzi nilifanya kupitia wakala wa mizigo anayekusanya vitu vya watu kwenye kontena moja, unalipia kwa ujazo. Bei za kiwandani nilizokuwa naletewa zilikuwa zinacheza kati ya dola 600 na 900, tofauti kubwa ikiwa ni unene wa sahani na kama propela shafti (ile inayounganisha PTO na mashine) imo au haimo, hivyo uliza maswali hayo mawili kabla ya kushangilia bei. Mpaka inafika Makambako juu ya fuso ilikuwa imesimama kwenye milioni nne na kitu. Kitu kimoja ninachowasisitizia, agiza visu vya akiba na kisu cha chini (kile kisichozunguka) humo humo kwenye oda ya kwanza, vinakuja ndani ya kreti bila kuongeza ujazo, ukija kuagiza peke yake baadaye utalia na bei ya usafiri.

Ilikuja kwenye kreti ya chuma, nusu imefunguliwa, rangi ya machungwa iliyopigwa juu ya kila kitu mpaka juu ya nipo za grisi (vile vichuchu vya kupigia grisi). Kitabu cha maelekezo ni kurasa chache zenye picha zisizoonekana. Chuma chenyewe kizuri aisee, boksi ni pleti nene, sahani nzito ya kweli, weldi nyingi zimekaa vizuri isipokuwa mbili tatu za kwenye hopa (mdomo wa kulishia matawi) ambazo zilikuwa zimeshikiza tu, tukazirudia. Bolti nyingi zilikuwa hazijakazwa, nasema nyingi, zikiwemo za beringi. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kuwasha pita na spana kila mahali.

Sasa hapa ndipo penye utamu wote wa hii mashine, nafasi kati ya visu vinavyozunguka na kile kisichozunguka. Watu wanaponda chipa kwamba inatetemeka, inatafuna badala ya kukata, inatoa nyuzi nyuzi, inakwama, asilimia kubwa tatizo ni hapo. Yangu ilipotoka kiwandani upande mmoja nafasi ilikuwa karibu milimita 4 na upande wa pili ndogo zaidi, yaani kisu cha chini kilikuwa kimekaa upande. Kwa nafasi hiyo ganda la tawi linajikunja na kupita bila kukatwa. Tulichofanya tulitoa propela, tukazungusha sahani kwa mkono taratibu, tukapima kila kisu kwenye ncha zote mbili kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Ni lazima upime vyote vinne kwa sababu sahani haikukerezwa ikanyooka asilimia mia, kuna kisu kimoja kitakuwa kimetokeza kuliko wenzake, na huyo ndiye unayemfuata, ukipangia kwa kisu kilichorudi ndani yule aliyetokeza atakuja kugonga chuma kwa chuma. Mimi nimepanga milimita 1 kwa kisu kilichotokeza zaidi, wengine wanaangukia 1 na nusu hivi. Matundu ya kisu cha chini yalikuwa mafupi hayaruhusu kusogea kiasi hicho, fundi akayarefusha kwa grenda na faili, akaweka washa nene chini ya kila bolti. Baada ya hapo ni mashine nyingine kabisa, ule mtetemo ulioogopwa na kila mtu ukapungua na vibanzi vikaanza kutoka vidogo vya kulingana.

Propela shafti inakuja ndefu, na ni makusudi, wanategemea wewe ukate kulingana na trekta yako. Asikwambie mtu kwamba imeingia basi inatosha. Funga chipa kwenye mikono ya trekta, inyanyue na kuishusha taratibu huku injini imezimwa PTO haijaunganishwa, tafuta ile sehemu ambayo umbali kati ya trekta na mashine ni mfupi kabisa, mara nyingi ni pale shafti zote mbili zinapokuwa usawa mmoja. Hapo ndipo bomba la ndani na la nje lisigusane mwisho, liache nafasi ya sentimita mbili na nusu au zaidi. Ukilifunga bila kukata, siku unanyanyua mashine shafti inakosa pa kwenda inasukuma PTO ya trekta kwa ndani, na beringi za huko siyo za kuchezea. Kata bomba la ndani na la nje kwa kipimo kile kile, na kava zake za plastiki pia kipimo hicho hicho, faili kingo, paka grisi. Ukimaliza hakikisha wakati wa kazi mabomba bado yanaingiliana angalau theluthi moja. Upande wa saizi hakuna shida, 240 ina PTO ya inchi 1 na 3/8 yenye meno 6 na ndiyo hiyo hiyo inayokuja na mashine.

Kwenye propela upande wa mashine kuna bolti ya kukatika. Kazi yake ni kufa ili vingine vipone, likiingia jiwe au tawi nene kupita kiasi inakatika yenyewe na sahani inabaki salama na PTO inabaki salama. Yangu imekuja na ya milimita 8 yenye namba 8.8 kichwani. Utakutana na fundi mwenye nia njema atakayekwambia hizi zinakatika ovyo nikuwekee 12.9 utasahau, mkatalie. Bolti ngumu haikatiki, inayokatika badala yake ni krosi ya propela (kile kiungo chake kinachojikunja) au kitu ndani ya trekta. Nunua za 8.8 dazeni weka kwenye kopo, na hapo hapo kwenye fremu nimechomelea kiboksi kidogo cha kukaa bolti za akiba na spana yake, kwa sababu zinakatika mbali na nyumbani siku zote. Yangu mwanzoni ilikuwa inakatika hata kwa tawi la kawaida, na tulipochunguza tukakuta tundu lake lilitobolewa kubwa kuliko bolti, bolti inacheza mule inachoka. Fundi wa kukereza akaweka bushi ndogo tundu likabana, tangu hapo inakatika tu pale inapostahili.

Kufunga kwenye trekta siyo kazi, pini za chini ni milimita 22 zinaingia kwenye mipira midogo ya Massey bila bushi. Cha kuangalia ni topu linki (ule mkono wa juu wa katikati), mashine isimame wima, ikilala mbele au nyuma krosi za propela zinapiga kelele na zinakufa mapema. Miguu ya mashine ilikuwa myembamba, kwenye udongo wetu wa mvua ilikuwa inazama na mashine inapinda, tumeichomelea pleti chini kama nyayo, imetulia. Uzito wa mashine ni kama kilo mia mbili na ushee, 240 inabeba bila kunyanyua pua.

Mabadiliko mengine niliyofanya. Bomba la kutolea vibanzi lilikuwa fupi na linatupa juu sana, tumeliongeza kwa pleti ya milimita 3 na mwishoni tukaweka mdomo wa kukunja wenye bawaba, sasa naweza kuelekeza vibanzi viangukie chini ya mti moja kwa moja au ndani ya trela, kazi ya koleo imepungua sana. Nipo ya grisi ya beringi ya mbele ilikuwa imejificha nyuma ya kava, kupiga grisi lazima ufungue bolti, na kitu kinachohitaji kufungua bolti wafanyakazi hawatakifanya kila asubuhi, kwa hiyo nimeweka mpira wa grisi unaotoka nje nipo ikakaa pembeni inaonekana. Beringi zenyewe ni UCF za shafti ya milimita 40, yaani UCF 208, zinapatikana Gerezani Dar na hata maduka ya spea ya mikoani, hilo limenipa amani kuliko kitu chochote. Sitaki mashine ambayo beringi yake ni ya kuagiza ng'ambo.

Hopa nimeiongeza meza ya kukunja kwa mbele, na hii siyo urembo. Ilivyokuja mtu mrefu akiinama mkono ulikuwa unakaribia visu, na mashine inayovuta yenyewe haikupi nafasi ya kubadili mawazo. Sasa mkono wa mtu mzima haufiki hata akitaka.

Kazini ikoje? Matawi mabichi ya parachichi ni laini, inameza mpaka ile inchi 4 bila injini kushuka. Mwati (ule mti wa magome) mbichi pia vizuri ila maganda yake ni kamba, yakiwa mengi yanajifunga kwenye shafti, changanya na matawi mengine. Mlingoti (mkaratusi) mkavu hapo inchi 4 isahau, kwangu inchi 3 inatosha, mti mkavu unakula visu na kugonga mashine. Mabanzi ya kwenye dingdong (mashine za kupasulia mbao) watu wengi wameniuliza, yanapita vizuri yakiwa membamba, lakini yakague misumari na mawe, banzi lililoburutwa kwenye mchanga linaua visu siku moja. Mizizi na visiki usiweke kabisa. Migomba nayo usiweke, ile ni maji na nyuzi inageuka uji na kuziba bomba. Majani peke yake yaliyolowa pia yanaziba, yalishe pamoja na vijiti vigumu ndiyo vinayasafisha njia. Shina litangulie majani yafuate nyuma, na tawi lenye panda likate panda moja kwanza kwa panga, dakika hiyo moja ya panga inaokoa kubishana na hopa.

Endesha injini kwenye ile alama ya 540 ya dashibodi, usipunguze eti kuokoa dizeli, sahani ikizunguka taratibu inakata vibaya na haina upepo wa kutoa vibanzi. Yangu inakula kati ya lita 4 na 5 kwa saa, na watu watatu mmoja akilisha wawili wakisogeza wanamaliza mlundo ambao zamani ulikuwa unakaa mpaka unachipua nyasi.

Wenye Massey za zamani, 35 na baadhi ya 135 ambazo klachi yake ni ya hatua moja, someni hapa. Sahani hii ikishashika mwendo ina nguvu ya kwake, ukikanyaga klachi haisimami, inaendelea kuzungusha PTO, na kwenye klachi za hatua moja PTO hiyo bado imeshikana na gia boksi kwa hiyo trekta ikiwa kwenye gia inaweza kusukumwa mbele hata kama umekanyaga. Kuna kifaa kinafungwa kwenye PTO kinaruhusu nguvu iende upande mmoja tu, kinunue kabla ya chipa. 240 yangu ina klachi ya hatua mbili.

Na usalama kwa wafanyakazi wetu, hili naomba msilipuuze kwa sababu vijana wetu wanakuja kazini na walichonacho. Glovu zenye mikono mipana hapana, koti lisilofungwa hapana, kamba ya kufungia mzigo wa matawi itolewe kabla haijafika mezani, kanga kiunoni ivuliwe. Miwani na vya masikioni nanunua mimi, mwajiri, siyo wao. Fimbo ya kusukumia matawi mafupi ninayo ya mbao, ikiponyoka iliwe tu. Kava ya propela isitolewe hata siku moja. Na kufungua boksi ni mpaka injini imezimwa, funguo iko mfukoni mwa anayefungua, na sahani umeiona kwa macho imesimama, maana inaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya PTO kuzimwa.

Vibanzi natandaza unene wa sentimita 10 hivi kuzunguka mti, kuanzia kwenye mwavuli wa matawi kuja ndani, ila naacha nafasi ya shibiri moja kutoka kwenye shina, vikigusa shina linakaa na unyevu linaoza. Usivichimbie ndani ya udongo vikiwa vibichi, vitanyang'anyana naitrojeni na mti wako na majani yatakuwa ya njano, viache juu vioze vyenyewe kwa chini. Vya mlingoti naviweka kwenye rundo kwanza mpaka vipoe na kuanza kuwa vyeusi. Matawi ya mti uliokufa kwa kuoza mizizi hayapiti kwenye chipa yangu, hayo ndiyo pekee ninayochoma. Kiangazi ukiinua vibanzi unakuta udongo bado una ubaridi na mizizi myeupe imepanda mpaka juu, na kwa sisi tusio na umwagiliaji hilo peke yake limenirudishia moyo kwa hela niliyotoa.

Kama ni alama, ilivyotoka kwenye kreti ni 6 kwa 10, baada ya fundi ni 9, hiyo moja iliyobaki nimeikata kwa sababu ya kitabu cha maelekezo na lile tundu la bolti.

Visu vina makali pande mbili, upande mmoja ukifa unageuza. Pande zote zikifa vinoe vyote vinne kwa pamoja na kwa pembe ile ile vilivyotoka nayo, uvipime kwenye mzani wa duka vilingane, kimoja kikiwa chepesi sahani inayumba na beringi zinalipa. Fundi akitumia grenda akae na ndoo ya maji pembeni, chuma kikigeuka bluu ugumu umeondoka na kisu hicho hakitamaliza wiki. Na kila ukirudisha visu, pima nafasi upya kwa fila geji kabla ya kuunganisha propela.